Moshi wa Land Rover ya Mjomba: Mafunzo Niliyopata Newala

Mjomba wangu alipofariki, kikao cha ukoo kilinikabidhi vitu vitatu: shamba la mikorosho upande wa Kitangari, sanduku la nyaraka zake, na Land Rover 109 ya petroli iliyotoka kiwandani mwaka 1978. Kwa sisi Wamakonde mpwa ndiye mtu wa mjomba, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini mimi. Gari lile limebeba korosho, limebeba mama wajawazito usiku wa mvua, limebeba mapipa ya maji miaka ile mabomba yalipokauka na watu wa Newala wakawa wanashuka bondeni kuyafuata. Mimi mwenyewe nilipelekwa shule Masasi nikiwa nimekaa juu ya magunia, nyuma kule, nimejifunga kitambaa puani kwa sababu ya moshi.

Mwaka 2023 nililipeleka Masasi kukaguliwa. Kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, magari hukaguliwa na yanayofaa hupewa stika. Breki zilipita. Taa zilipita. Usukani ulipita. Halafu askari mkaguzi akanizungukia nyuma, akaniomba nikanyage mafuta, akashika leso nyeupe nusu hatua kutoka kwenye bomba la ekzosi. Aliponionyesha leso ile ilikuwa na duara jeusi katikati, na ukingo wake unang'aa kwa oili.

“Mzee wangu,” akaniambia kwa upole, “gari zuri, umelitunza. Lakini moshi huu siwezi kuupitisha. Nyuma yako kuna watoto wanatembea kwenda shule.”

Nilirudi Newala kimya. Ilinichukua miezi minne kulisafisha gari lile, nikisaidiwa na fundi mmoja mzee ambaye alianza kufungua injini za Land Rover kabla mimi sijazaliwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usome moshi kabla hujashika spana

Mimi nilitaka tuanze siku hiyo hiyo. Fundi alikataa. Alitaka kwanza aliwashe gari alfajiri, likiwa limelala usiku kucha kwenye baridi ya mwezi wa saba, aliangalie kwa nusu saa bila kugusa kitu. Watu wa pwani hawaamini kwamba Newala kuna baridi, lakini sisi tunaokaa juu ya uwanda, karibu na ukingo wa Shimo la Mungu, asubuhi za Julai tunavaa makoti.

Alinifundisha rangi tatu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi: injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, yanaungua nusu, masizi yanatoka. Moshi wa bluu ni oili inayopenya kwenye silinda na kuungua humo. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke tu, utakwisha dakika chache injini ikipata moto. Usipokwisha, na maji ya rejeta yanapungua, basi gasketi ya silinda hedi imeachia. La kwetu lilitoa mweupe dakika tano, ukaisha. Mweusi haukuisha. Wa bluu ulikuja na kuondoka, nao ulitusumbua zaidi, nitaueleza.

2. Anza na hewa

Kama kuna somo moja ningependa mwenye gari la zamani katika wilaya zetu alishike, ni hili. Sisi hukimbilia kabureta. Moshi mweusi ukitoka, kijana anachukua bisibisi anaanza kukaza skrubu, na siku hiyo gari linaharibika zaidi.

Land Rover za wakati ule hazina chujio la karatasi. Zina bakuli la chuma lenye oili chini na wavu juu. Hewa inaingia kwa kasi, inageuka ghafla juu ya oili, vumbi linashindwa kugeuka nayo, linazama. Ni kifaa kizuri mno kwa barabara za vumbi, ili mradi mtu akumbuke kulimwaga.

Fundi alifungua kishikizo, akaliteremsha bakuli, akaliweka kwenye gunia chini ya mwembe. Hakukuwa na oili mle. Kulikuwa na tope gumu la rangi ya udongo wetu mwekundu, na juu ya tope kulikuwa na utando wa manjano. Alichota kidogo kwa kidole, akanusa, akaniletea puani. Salfa.

Kwa msomaji asiyekaa kwenye korosho: kuanzia mwezi wa sita hivi mikorosho inapochanua, maua hushambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyakausha kabla hayajafunga. Dawa tuliyoizoea ni unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni asubuhi na mapema majani yakiwa bado na umande. Mashamba yote yanageuka ukungu wa manjano. Mjomba alikuwa akisambaza mifuko ya salfa kwa majirani kwa gari hilo hilo, mingine imepasuka, na injini ilikuwa inavuta kila kilichopeperuka. Miaka mingapi hatukujua. Wavu wa juu ulikuwa umeziba kiasi kwamba fundi alipoumulika kwa tochi, mwanga haukupita.

Gari lililozibwa pua hivyo linafanya kama choki imevutwa muda wote. Tuliosha bakuli kwa mafuta ya taa, tukalikausha juani, tukatia oili mpya hadi alama iliyochorwa ndani, wala si zaidi, maana ikizidi inanyonywa na injini na kuleta moshi mwingine. Tulipowasha, nusu ya weusi ilikuwa imekwisha. Hatujanunua hata spea moja.

Waya wa choki nao ulikuwa umekwama. Kitasa kinarudi ndani vizuri, dereva anaamini choki imefungwa, kumbe kule kwenye kabureta kipande cha shaba kimebaki nusu wazi. Usiamini kitasa, fungua boneti, uangalie mwisho wa waya.

3. Cheche na valvu zina vipimo vyake

Hapa sitakaa sana kwa sababu kazi yenyewe ni ya nusu siku. Injini hii ina silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Mwanya wa plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Mwanya wa pointi ndani ya distributa ni 0.35 hadi 0.40. Tapeti zote nane, za kuingiza na za kutoa, ni 0.25. Nunua fila geji yako mwenyewe. Nilikuta mafundi wawili wazuri wanapima mwanya wa plagi kwa ukucha, na plagi isiyopiga sawasawa inatema petroli mbichi kwenye ekzosi kila mzunguko.

Kondensa tuliyoikuta ilikuwa mpya, pointi zilikuwa zimeungua. Tuliagiza pointi Dar es Salaam, maduka ya Gerezani, zikaja kwenye basi baada ya siku tatu.

4. Mteremko wa Masasi hutoa ushahidi

Wakati gari linasimama kwenye mwembe, moshi wa bluu ulikuwa unakuja na kupotea, hatuwezi kuushika. Fundi akasema, “Mwanangu, twende tukashuke.”

Kutoka Newala kwenda Masasi unaacha uwanda, unateremka hadi nchi tambarare yenye milima ya mawe. Tukiwa kwenye mteremko aliniambia niweke gia ya pili, niachie mafuta kabisa, niache injini ilizuie gari. Kijana wake alikuwa kwenye pikipiki nyuma yetu. Tulishuka hivyo mwendo wa kutosha, halafu, “Kanyaga!” Nikakanyaga. Kwenye kioo cha pembeni niliona wingu la bluu limemfunika yule kijana mpaka taa yake ikapotea.

Maelezo ni haya. Unaposhuka umeachia mafuta, injini inavuta kwa nguvu lakini mlango wa hewa umefungwa, kwa hiyo inanyonya kutoka popote penye nafasi. Kama miongozo ya valvu imelika na vimpira vyake vimekauka, oili iliyo juu ya hedi inateleza kuingia kwenye silinda na kusubiri. Ukikanyaga, inaungua yote kwa pamoja. Kama ringi za pistoni ndizo zimekwisha, moshi wa bluu ungetoka zaidi tunapopanda, tukiwa na mzigo. Wetu ulitoka baada ya kushuka. Mteremko ule ulituokolea gharama ya kushusha injini nzima.

Tulihakikisha kwa kipima kompresheni cha kuazima. Silinda tatu zilisoma karibu pauni 140, ya nne ikasoma 95. Tukatia kijiko cha oili kwenye ile ya nne, tukapima tena, haikupanda kwa maana. Ringi zikiwa mbovu oili huziba nafasi na kipimo hupanda. Kisipopanda, tazama valvu. Tulifungua hedi, tukasaga valvu kwa pesti, kwa mkono, mchana kutwa, mpaka kila moja ikaacha duara la kijivu lisilokatika kwenye kikalio chake. Tukabadilisha vimpira vyote nane.

Nitaje pia kifuniko cha kujazia oili. Kina wavu ndani yake ili injini ipumue. Ukiziba, presha ya chini inasukuma oili pasipotakiwa. Chetu kilioshwa kwa dakika kumi.

5. Oili nzito haiponyi kitu

Kabla ya fundi wangu kukubali kazi, nilishauriwa kwenye gereji moja, siitaji jina, nitie oili nzito kuliko inayotakiwa, nichanganye na dawa ya chupa ya kuondoa moshi, niwahi ukaguzi siku hiyo hiyo. Nilitia. Moshi ulipungua siku mbili. Siku ya tatu injini ilikuwa nzito kuwaka alfajiri, taa ya oili inachelewa kuzima, na siku ya tano moshi ulirudi kama mwanzo. Ningepata stika nikiwa katika zile siku mbili, watoto wa njiani wangeendelea kuuvuta moshi ule mwaka mzima huku kioo changu kikitangaza kwamba gari ni salama. Najuta kwamba nilikubali hata kujaribu.

6. Kabureta iwe ya mwisho

Baada ya hewa, cheche na valvu, ule weusi uliobaki ulikuwa mdogo lakini upo, hasa kwenye silensa, yaani gari likinguruma limesimama. Sasa ndipo fundi alipogusa kabureta, Zenith yenye mdomo mmoja.

Kabureta hizi zina ugonjwa wake. Sehemu ya juu na sehemu ya chini zimeunganishwa kwa skrubu, na miaka ya joto na kukazwa kupita kiasi hupinda ule uso wa aloi. Kati yao kuna mpira mdogo wa duara, si mkubwa kuliko pete ya mtoto. Mpira ukikakamaa au uso ukipinda, petroli inapita njia isiyo yake, haipiti kwenye jeti, na hakuna skrubu utakayokaza ikasaidia.

Nilimwona akifanya kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza mezani, akabandika msasa laini juu yake kwa maji. Akaweka uso wa kabureta juu ya msasa, akaanza kuuzungusha polepole, umbo la nane, akinyanyua kila baada ya mizunguko michache na kuutazama kwenye mwanga. Mwanzoni pembe mbili tu ziling'aa, katikati pakabaki na kivuli. Hakuongeza nguvu. Saa nzima na zaidi. Kivuli kikapungua, kikawa mstari, kikaisha, uso wote ukawa rangi moja. “Kioo hakidanganyi,” akasema, akafuta mikono.

Mpira mpya, gasketi mpya, jeti zikapulizwa kwa hewa. Usizichokonoe kwa waya, tundu likipanuka hata kidogo umeongeza petroli milele.

7. Angalia unachotia kwenye tangi

Injini safi haiwezi kuunguza mafuta machafu. Wengi wetu tunakumbuka neno uchakachuaji lilivyoenea nchini: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Lakini petroli iliyokaa kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa bado ni petroli iliyochakachuliwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Gari likigonga “ta-ta-ta” kwenye kilima na taimingi iko sawa, lifikirie dumu.

Mjomba aliwahi kuniambia kwamba petroli ya zamani ilikuwa bora, “ilikuwa na nguvu”. Ile ilikuwa na madini ya risasi. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiacha, na ilipofika Januari 2006 ukanda wote ulikuwa umeiacha. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Risasi ile ilitoka kwenye ekzosi ikaingia kwenye damu ya watoto na kudumaza akili zao. Namheshimu mjomba, lakini katika hili nasimama upande wa waliokataa.

8. Hewa mbaya kuliko zote haina rangi

Novemba mkaguzi alilipitisha gari. Alishika leso ile ile, au mfano wake, nusu dakika. Ilirudi nyeupe. Niliondoka Masasi na stika, na nikadhani kazi imekwisha.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za familia, nikapita kwenye gereji yenye mashine ya kupima gesi. Fundi wa pale alichomeka kijiti kwenye ekzosi. Hakukuwa na moshi wowote wa kuonekana. Kaboni monoksaidi ikasoma asilimia 6.1.

Niliuliza hiyo ni nyingi kiasi gani. Nchini Uingereza, lilikotengenezwa, gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1, 1975 hupimwa kwa macho tu, kama lilivyopimwa langu Masasi. Lakini la kuanzia tarehe hiyo hadi Julai 1986 kikomo chake ni asilimia 4.5, na mabaki ya petroli isiyoungua yasizidi sehemu 1,200 katika milioni. Kwa kipimo cha nyumbani kwake, gari la mjomba lilikuwa limeanguka.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nilikumbuka magunia. Nilikumbuka kichwa kilivyokuwa kinaniuma kila tukifika Masasi, nikiambiwa ni uchovu wa safari, na mama zangu wadogo waliokaa nami kule nyuma na watoto mgongoni, turubai likiwa limeshushwa.

Fundi alilegeza na kukaza skrubu ya mchanganyiko akitazama namba, si akisikiliza sauti. Robo mzunguko tu. Ikashuka hadi 3.2, silensa ikatulia kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika. Sikio letu la Newala, pamoja na uzoefu wake wote, lilikuwa limekosea robo mzunguko.

Na hata hapo hesabu haijafungwa. Dar ipo usawa wa bahari na hewa yake nzito. Newala tuko juu, hewa nyepesi, na petroli ile ile huku inakuwa nyingi kidogo. Gari lililopimwa Dar halijapimwa Newala. Niliporudi fundi wangu alikaza tena kidogo, kwa makisio.

9. Lipeleke likiwa na moto

Hili ni fupi. Siku ya ukaguzi liendeshe angalau nusu saa kabla hujafika. Injini baridi inatoa kila aina ya uchafu hata ikiwa nzima. Oili iwe imebadilishwa wiki hiyo, bakuli la chujio limemwagwa jana yake, choki imefungwa na umeiona kwa macho. Usifike na tangi tupu lililobaki masimbi.

Gari sasa linatembea. Msimu wa salfa bakuli linamwagwa kila Jumamosi, tarehe naiandika kwa penseli ndani ya boneti. Hakuna abiria anayekaa nyuma turubai likiwa limeshushwa, hata mvua ikinyesha, tunasubiri ipite.

Ombi langu ni kwa wenye magari ya zamani Newala, Tandahimba na Masasi, na kwa vyama vya msingi vya korosho ambavyo magari hayo huvibebea mazao: tuchange tununue kipima gesi kimoja, kikae kwenye gereji yoyote tutakayokubaliana, kila mwenye gari akitumie. Mimi nimeshatenga mchango wangu wa mauzo ya msimu huu, na fundi mzee amekubali kufundisha vijana wawili kukisoma.